Msomaji wa Saa Mbili na Robo

4 Septemba

Mama Mkutubi,

Shikamoo, na pole na kazi. Huu ni mwaka wa tisa nakuandikia barua ya namna hii, na kama kawaida inaanzia kwenye kifungu cha 17 cha mkataba wetu: taarifa zote zitatumwa kwa karatasi, kwa posta, zikiwa na sahihi. Watu wa posta wananijua kwa jina lako. Nikiingia tu wananiuliza, “Leo tena kwa yule mama wa maktaba?”

Habari niliyonayo si nzuri. Leseni ya majarida ya mtandaoni ya chuo chenu inakwisha tarehe 31 Desemba, na makao makuu wamepandisha bei. Niliwaeleza hali yenu kwa kurasa tatu, wakanijibu kwa jedwali. Kwa fungu mlilotengewa mtapata majarida kumi na moja, si kumi na mbili. Moja lazima liachwe. Utaratibu wa kuchagua ni wenu wenyewe, na najua uliuandika wewe: linaachwa lile lililofunguliwa na wasomaji mara chache kuliko yote katika mwaka. Naambatisha hesabu ya matumizi tangu Septemba iliyopita. Chagua, tia sahihi, nirudishie kabla Novemba haijaisha.

Mimi nipo. Ofisi ni ileile, chumba kimoja juu ya fundi wa cherehani. Yule mwenzangu wa meza ya pili walimpunguza mwezi wa nne, lakini meza yake haikuondolewa, na kikombe chake bado kipo juu yake. Nakifuta vumbi kila Jumatatu, sijui kwa nini.

Wako,
Wakala wa Wachapishaji


17 Septemba

Ndugu Wakala,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjika pembe, ila bei imefika nzima.

Sikulaumu, mjumbe hauawi. Lakini waambie wakubwa zako jambo moja ambalo nimeliomba miaka tisa na sitachoka: haki ya kudumu. Tukiacha kulipia jarida, tubaki na ruhusa ya kusoma matoleo ya zamani tuliyokwisha kuyalipia. Mtu akiacha kununua gazeti, muuzaji haji nyumbani kwake kukusanya ya mwaka jana. Ninyi mnakuja kukusanya mpaka ya mwaka juzi.

Hesabu nimeiona. La mwisho ni Jarida la Wakunga, limefunguliwa mara arobaini na moja tu. Basi liachwe hilo. Mengine kumi na moja yabaki, likiwemo lile la Konokono wa Maji Baridi, ambalo nakumbuka mwaka jana ulilifanyia mzaha. Hilo lina msomaji wake.

Uliniuliza mwezi wa sita kwa nini nilikuwa kimya. Nilivunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za ghala la vitabu, nikalala nyumbani siku kumi na tatu za kazi. Hodi nilipigiwa mara moja tu. Nikajikokota mpaka mlangoni, kumbe jirani anamtafuta paka wake.

Huku wanafunzi wanasoma kwenye simu zao, chumba cha kusomea kimebaki viti. Siku nyingine anayenisalimia ni mlinzi peke yake, naye kwa kuwa ni lazima nisaini daftari lake.

Mkutubi wa Majarida


30 Septemba

Mama Mkutubi,

Shikamoo. Pole sana na mguu. Ungeniambia ningekuandikia barua ndefu, ungekuwa na kitu cha kusoma.

Haki ya kudumu wamekataa. Hawakukataa hata kwa hasira, wamekataa kama mtu anayekataa chai.

Sasa nina jambo lingine, na ninaliandika nikitabasamu ingawa makao makuu hawatabasamu. Ni hao konokono wako. Jarida limefunguliwa mara mia mbili thelathini na moja. Vizuri. Lakini wameichambua hesabu, wakakuta zote mia mbili thelathini na moja ni makala moja tu, ya miaka saba iliyopita, kuhusu konokono wanaoishi kwenye mifereji. Inafunguliwa siku za kazi, kwenye kompyuta moja ya maktaba, saa mbili na robo asubuhi, pungufu au zaidi kwa dakika mbili. Ukiitoa makala hiyo, jarida zima halikuguswa na mtu mwaka mzima.

Makao makuu wanadhani mmeweka mtambo wa kujaza hesabu. Nimewaambia mama ninayemjua hawezi kuweka hata saa ya ukutani bila kuandika barua ya maombi. Hata mwandishi wa makala hiyo lazima anashangaa, maana kila mwisho wa mwezi sisi humpelekea taarifa kwamba umesomwa mara kadhaa. Atakuwa anadhani amekuwa maarufu.

Niandikie neno moja tu niwatulize. Ni nani huyo anayewapenda konokono hivi?

Wakala


9 Oktoba

Ndugu Wakala,

Marahaba. Waambie wakubwa zako kwamba kusoma kitu kimoja mara nyingi si kosa chini ya kifungu chochote, na vifungu vyote nimevisoma. Huyo ni mtafiti mmoja mkongwe. Amestaafu, hana pa kwenda asubuhi, anakuja hapa, anakaa, anasoma makala yake, anaondoka. Wazee wana mazoea yao. Basi yaishe hapo.

Jambo lililonisumbua ni lingine. Mwalimu wa wakunga alikuja jana mezani kwangu, amesikia jarida lao linaachwa. Nilimwonyesha hesabu: arobaini na moja. Akaitazama, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema, “Mama, kule kwetu kompyuta ni moja na mtandao unakatika. Likitoka toleo jipya mmoja wetu analifungua mara moja, tunachapa, tunabandika chumba cha zamu. Karatasi moja inasomwa na watu sitini mpaka inachanika. Mwaka jana tumejifunza humo namna mpya ya kuzuia damu baada ya kujifungua. Wewe kwenye hesabu yako unaona moja.”

Nikamwambia utaratibu ndio huo. Akauliza nani aliuandika. Nikamwambia ni wa zamani.

Orodha haibadiliki. Nimeitia sahihi, imo humu.

Mkutubi wa Majarida


22 Oktoba

Mama Mkutubi,

Shikamoo. Orodha imefika. Sitaifunga mpaka tarehe 30 Novemba kama sheria inavyotaka, ila nimeiweka kwenye faili.

Kuhusu konokono, nimewaandikia kwamba nina hakika kabisa yupo mtafiti mkongwe, na nimeweka jina langu chini. Wameniuliza kama nimewahi kumwona. Nikajibu kwamba neno lako ni sawa na kumwona. Wamenyamaza, na wao wakinyamaza ndiyo wamekubali.

Msalimie huyo mzee. Nimekuwa nikimfikiria asubuhi ninapofungua dirisha. Saa mbili na robo nasema, sasa hivi anakaa. Usinicheke. Tangu Ijumaa sijazungumza na mtu isipokuwa fundi wa chini, aliyeniomba nisogeze pikipiki yangu. Sina pikipiki.

Wakala


6 Novemba

Ndugu Wakala,

Sikuulizi hali leo, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Nilikudanganya, na wewe ukaweka jina lako juu ya uongo wangu. Hakuna mtafiti mkongwe. Anayefungua ile makala ni mimi.

Iliandikwa na binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Alipokuwa mdogo nilimwita Kidole, kwa kuwa alisoma akifuata maneno kwa kidole mpaka darasa la saba, na walimu walipomkataza aliweka kitabu chini ya dawati akaendelea. Amekulia kwenye chumba hiki. Akitoka shule anakaa chini ya meza yangu na mkate wake, ananisubiri nifunge. Nilimsomesha kwa mshahara huu unaoujua, na alipokuwa chuoni nilimtafutia kila alichohitaji kusoma, kingine nikakiomba maktaba za mbali kwa barua kama hizi. Aliandika makala ile akiwa na miaka ishirini na sita. Pale mwisho wanaposhukuru watu ameandika: kwa mama yangu, aliyenitafutia kila ukurasa.

Mwaka uliofuata akaniambia anaacha. Nafasi ya uzamivu, konokono, vyote. Anakwenda kuoka mikate na rafiki yake kwenye mji ambao sikuwahi kuusikia. Nilisimama mlangoni, begi lake liko miguuni, nikamwambia kama kurasa zangu zote zimekuwa bure, basi asinitafute tena. Huyo ni mtoto mtiifu, Ndugu Wakala. Hajanitafuta, na huu ni mwaka wa sita.

Utauliza kwa nini nisimwandikie mimi. Anwani yake ya barua pepe ipo pale pale chini ya kichwa cha makala, naiona kila siku. Nimeandika mara nyingi nikafuta. Kuandika kunanitaka niseme nilikosea, na neno hilo kwangu ni zito, limenikaa kooni miaka sita. Kubonyeza hakuhitaji neno. Hiyo taarifa mnayompelekea mwandishi kila mwisho wa mwezi nilikuwa naijua kabla hujaitaja, iko kwenye kifungu cha 9. Nikaona nikiifungua makala kila siku, kila mwisho wa mwezi atapata ujumbe kwamba kuna mtu amekusoma mara ishirini na mbili. Hata asijue ni nani. Ni kama kupita mbele ya nyumba ya mtu ukakohoa.

Nakala ya karatasi ninayo kwenye droo. Lakini nikisoma hiyo hakuna anayesikia.

Jana mwalimu wa wakunga alirudi kuchukua kitabu. Aliiona sura yangu, akavuta kiti bila kukaribishwa. “Una nini mama? Sema. Mficha uchi hazai, na sisi ndiyo kazi yetu.” Sikumwambia. Nilimtazama tu, nikawaza kwamba mimi ninayejigamba nasoma kila kifungu, nimemnyang'anya mtu huyu jarida lake ili nipate kukohoa. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu siku ile ya mlangoni.

Kwa hiyo orodha ya zamani ichane. Mpya imo humu, ina sahihi yangu. Konokono waachwe. Wakunga wabaki.

Nina swali moja, na kama hairuhusiwi usinijibu. Mitambo yenu hujua kama mtu aliyepelekewa taarifa ameifungua. Je, huwa anazifungua?

Mkutubi


17 Novemba

Mama Mkutubi,

Shikamoo, mama yangu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Sina kinyongo. Makao makuu nimewaambia kwamba msomaji yupo, ni wa kweli, na hatasoma tena kuanzia Januari. Hawakuuliza zaidi.

Orodha nimeibadilisha. Nilijaribu mara ya mwisho haki ya kudumu, kwa jarida hili moja tu, hata kwa makala hii moja tu. Wamesema jarida ni mali ya chama cha watafiti na chama hakitoi. Tarehe 31 Desemba jioni itafungwa. Samahani. Katika kazi hii nimewanyima watu mengi na nikalala vizuri, hili sikulala.

Swali lako. Ndiyo, mtambo unajua. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima. Sheria hainiruhusu kutazama, lakini si sheria iliyonizuia. Niliona si haki mimi mgeni nijue kabla yako kama mtoto wako anakujali au hakujali. Nikazima. Kwa hiyo sijui, na nakuomba uniamini ingawa nimekuwa mwongo kwa jambo lingine, nalo ni hili: kifungu cha 17 kilifutwa mwaka juzi. Siku hizi mikataba yote inakwenda kwa barua pepe. Sikukwambia. Barua zako ndizo pekee ninazopokea ambazo hazina dirisha la plastiki kwenye bahasha.

Na hii huenda ikawa ya mwisho. Kuanzia Januari hawatahitaji mawakala, vyuo vitazungumza na mtambo moja kwa moja. Nimepewa sanduku la kuwekea vitu vyangu. Nimeweka kikombe cha mwenzangu, kingine sijaona cha kuweka.

Mwandikie, mama. Mimi ningekuwa na mtu wa kumwandikia ningemwandikia.

Wakala


28 Novemba

Ndugu Wakala,

Marahaba, mwanangu. Leseni imo humu, kurasa zote zina sahihi, hata ile ambayo hukuweka alama.

Mimi husoma kila kifungu, nilikwambia. Mkataba wa mwaka juzi ulipofika niliona kifungu cha 16 kinafuatwa na cha 18. Nikatafuta kalamu nikakujibu kwa karatasi, sawasawa na kawaida. Ulidhani nani anatembea mpaka posta kwa mguu mbovu bila kulazimishwa?

Mwalimu wa wakunga nimemwambia jarida lao limebaki. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza nilifanyaje. Nikamwambia hesabu ilikuwa na kosa na kosa lilikuwa langu. Utaratibu nimeuandika upya. Kuanzia sasa kabla jarida halijaachwa, mtu atakwenda kwa miguu kuwauliza wanaolisoma.

Kuhusu binti yangu, nimekaa na karatasi mbele yangu tangu Jumatatu. Nimefika kwenye “Mwanangu.” Nitajaribu tena kesho.

Wewe ukitoka hapo nipe anwani ya nyumbani. Kazi wamekunyang'anya, stempu hawakukunyang'anya. Ukiandika nitajibu, na mimi huchelewa lakini sikosi.

Mkutubi


8 Februari

Mama,

Shikamoo.

Taarifa ya Januari haikuja. Nilidhani imechelewa, nikasubiri siku tano. Kisha nikawaandikia wachapishaji, wakajibu kwamba makala ambayo haikufunguliwa hata mara moja haipelekewi taarifa.

Nilijua ni wewe tangu taarifa ya kwanza kabisa, miaka ile. Nani mwingine atawasoma wale konokono siku za kazi tu, na mwezi wenye sikukuu namba inapungua kwa idadi ya sikukuu? Nimezihifadhi zote. Kila mwisho wa mwezi wenzangu hapa kwenye tanuri wanajua wasinisemeshe mpaka nione namba. Nikiona ishirini na moja au ishirini na mbili nasema, mama mzima, narudi kukanda.

Mwezi wa tano mwaka jana ilikuja tisa. Nikafunga begi. Sikuja, kwa sababu ulisema nisikutafute, na nilijua ukisema umesema. Begi lilikaa mlangoni mwezi mzima, nikilikwepa nikiingia na kutoka. Ya Juni ikaja ishirini na moja, nikatoa nguo nikazirudisha kabatini. Nilifurahi, halafu nikalia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujizoesha kwamba nakuja.

Sikuwahi kukujibu. Sikujua mtu anajibuje namba.

Barua hii naituma maktaba kwa kuwa sijui kama bado uko nyumba ileile. Sijui kama umestaafu, au unaumwa, au jambo lile lingine, ambalo siliandiki. Kama anayeifungua si mama yangu, nakuomba, yeyote uliye, nijibu kwa namba iliyo nyuma ya bahasha, hata kwa neno moja. Kama ni wewe, usijibu. Nimekata tiketi ya tarehe ishirini. Jumatatu inayofuata nitafika hapo maktaba saa mbili na robo, saa ambayo siku zote unakuwa umeshasaini daftari la mlinzi na kukaa.

Nitaleta mkate. Ukiniona, usiseme kitu mlangoni. Tuingie kwanza, tukae.

Mwanao,
Kidole